Kurekebisha kabureta za pikipiki na kwadi za zamani za mashindano: mwongozo kamili

Ukitaka kujua ni jeti gani (kipande cha shaba chenye tundu linalopima petroli) ya kubadilisha, jiulize kwanza akseleta ilikuwa imefunguliwa kiasi gani tatizo lilipotokea. Gia na mizunguko ya injini vinakuja baadaye. Wengi hubadilisha jeti kuu kwa sababu pikipiki inasita ikitoka kwenye kona, kumbe pale akseleta ipo robo na jeti kuu bado haijafanya kazi ya maana. Wanabadilisha tena na tena, hali ni ileile, mwishowe kabureta inalaumiwa na kuuzwa.

Mwongozo huu ni wa mashine zenye kabureta za slaidi, yaani kipande kinachonyanyuka ndani ya kabureta ukifungua akseleta: Honda CR250R, Yamaha YZ, Suzuki RM na Kawasaki KX za miaka ya 1980 na 1990, na kwadi (pikipiki za magurudumu manne) kama Honda TRX250R (1986 hadi 1989), Suzuki LT250R na Yamaha Banshee. Za mipigo minne zinazotumia kabureta ya Keihin FCR, kama Yamaha YFZ450 iliyotoka 2004, zina sehemu yake kuelekea mwisho. Mchanganyiko mzito maana yake petroli imezidi hewa, na mwepesi ni hewa imezidi petroli. Mzito unachafua plagi na kupunguza nguvu. Mwepesi, kwenye injini ya mipigo miwili iliyofunguliwa yote, unayeyusha pistoni.

Hakikisha injini ni nzima

Hakuna jeti inayotibu sili ya krenki iliyochoka. Injini inayovuta hewa ya wizi, yaani isiyopita kwenye kabureta, hubadilika tabia kila inapopata moto: asubuhi unaona imekaa sawa, mchana sailensa (mzunguko wa injini akseleta ikiwa imefungwa) inapanda yenyewe. Kwa hiyo kabla ya kununua jeti yoyote, kagua haya.

Chujio cha hewa kiwe safi na kimepakwa oili yake, na kiwe ndicho utakachotumia siku zote. Ukirekebisha kabureta ukiwa na chujio chafu, siku ukiweka safi mchanganyiko unakuwa mwepesi. Kifuniko cha boksi la chujio nacho ni hivyo hivyo: kukiondoa kunaongeza hewa, basi amua mapema kama kitakaa au kitatoka.

Kwenye injini ya mipigo miwili, ziba tundu la ekzosi na mdomo wa mpira wa kabureta, kisha jaza hewa ya shinikizo la psi 6, yaani karibu bar 0.4. Ikishuka zaidi ya psi 1 kwa dakika, pana mahali panavuja. Paka maji ya sabuni kwenye mpira wa kabureta, gasketi ya chini ya silinda, kichwa na sili ya upande wa magneto, utafute mapovu. Sili ya upande wa klachi haionekani. Ikivuja, hewa hutokea kwenye pumzi ya gia boksi, na injini ikiwaka huvuta oili ya gia na kutoa moshi usioisha. Usizidishe shinikizo, kwa sababu sili zinaweza kusukumwa zikatoka mahali pake.

Fungua ridi, zile vali za vipande vyembamba kati ya kabureta na injini, uzitazame kwenye mwanga. Ncha zilizomeguka, nyufa, au ridi isiyolala vizuri kwenye kiti chake huleta kuwaka kwa shida na kusita akseleta ikiwa chini, dalili ambayo mtu huisingizia jeti ya sailensa. Pima kompresheni, kagua muda wa cheche, na angalia kama sufi ya ekzosi haijajaa oili. Halafu koki ya tenki: chomoa bomba la petroli kwenye kabureta, weka chombo, fungua koki. Petroli itiririke bila kukatika, na iendelee hivyo hata kifuniko cha tenki kikiwa kimefungwa. Ikianza kudondoka matone baada ya muda, pumzi ya tenki imeziba.

Kufungua, kusafisha na kupima

Fanya kazi hii nje au mahali penye hewa, mbali na moto wowote, na vaa miwani maana dawa ya kusafishia ikirudi kutoka kwenye tundu hulenga jicho.

Ondoa kwanza sehemu zote za mpira, oringi na boya, kisha jeti zote. Tumia bisibisi inayojaza mfereji wa jeti, kwani shaba ni laini na mfereji ukiharibika utalazimika kuitoa jeti kwa shida. Jeti ndogo ya sailensa ndiyo huziba mara nyingi zaidi. Iinue kwenye mwanga: tundu lionekane duara kamili. Usiingize waya wa chuma wala kipekecho, kwa sababu mkwaruzo mdogo tu hubadilisha kipimo na namba iliyoandikwa haitakuwa na maana tena. Uzi wa nailoni wa kuvulia samaki au unywele mmoja wa waya wa shaba unatosha. Pitisha dawa kwenye kila njia ndani ya kabureta na uhakikishe inatokea upande wa pili, halafu maliza kwa hewa.

Sasa kagua vilivyochakaa. Sindano inayoning'inia kwenye slaidi na bomba inamopita husuguana kwa miaka mingi na tundu la bomba huwa yai badala ya duara. Matokeo yake ni mchanganyiko mzito kati ya robo na nusu ya akseleta ambao haushukiki hata ukishusha sindano hadi mwisho. Kwenye mashine ya zamani, badilisha vyote viwili pamoja kabla ya kuanza. Ncha ya sindano ndogo ya boya ikiwa na mfereji wa duara uliochimbika, petroli itafurika. Boya la shaba litikise sikioni, ukisikia petroli ndani limetoboka. Slaidi iliyochakaa inacheza na kugonga, hupitisha hewa pembeni, na sailensa haitulii kamwe.

Soma pia namba za jeti zilizomo. Mashine iliyopita mikono mingi mara nyingi ina jeti za bandia, au jeti za kampuni nyingine. Hapa pana jambo ambalo limewagharimu watu pistoni: jeti kuu za Keihin hupewa namba kwa kipenyo, 170 ikiwa milimita 1.70, ilhali namba za Mikuni zinafuata kiasi cha petroli kinachopita. Namba 170 ya huku si 170 ya kule.

Kimo cha boya ndicho msingi wa yote na ndicho kinachorukwa zaidi. Lalisha kabureta hadi ulimi wa boya uguse tu pini ya sindano ndogo bila kuibonyeza springi yake, kisha pima kutoka uso wa gasketi hadi upande wa mbali wa boya. Kabureta za Keihin PJ na PWK za 250 nyingi ni 16 mm, FCR za mipigo minne ni karibu 8 mm, lakini kitabu cha mashine yako ndicho cha kufuata. Petroli ikikaa chini mno kwenye bakuli, mashine itakuwa nyepesi na itaishiwa nguvu mwisho wa njia ndefu iliyonyooka. Ikikaa juu mno, sailensa itakuwa nzito na petroli itamwagika kwenye mabomba ya pumzi kila ukilala kwenye kona. Mabomba hayo yasibanwe wala ncha zake zote zisizame kwenye tope, kwani bakuli lisipopumua petroli haishuki kwenye jeti.

Unaporudisha slaidi ya duara, mfereji wake lazima uingie kwenye pini iliyo ndani ya mwili wa kabureta, na upande wenye mkato (ukingo wa chini uliokatwa) uelekee kwenye chujio. Kabla ya kuwasha, fungua akseleta yote uiachie: slaidi irudi kwa kishindo. Geuza usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia, ukirudia. Kebo ikivutwa na usukani utaijua hapo, si kwenye kona.

Nani anatawala wapi

Kati ya akseleta iliyofungwa na robo, jeti ya sailensa na skrubu yake ndizo zenye kauli. Kuanzia moja ya nane hadi karibu nusu, mkato wa slaidi una sehemu yake, na pia unene wa sindano pale iliponyooka kabla haijaanza kuchongoka. Robo hadi robo tatu ni eneo la sindano, na klipu, kibanio kinachoishikilia sindano kwenye mmoja wa mifereji yake, inasikika zaidi kwenye nusu. Robo tatu hadi mwisho ni jeti kuu.

Maeneo haya yanapandiana. Jeti kuu ikiwa ndogo mno itapunguza petroli hata kwenye nusu, na jeti ya sailensa inaendelea kutoa petroli kidogo hadi mwisho wa akseleta. Ndiyo sababu kila badiliko la chini linahitaji kurudi kukagua la juu.

Bandika utepe mweupe kwenye mpini wa akseleta na mwingine kwenye nyumba yake. Weka alama sehemu ikiwa imefungwa, robo, nusu, robo tatu na yote. Kwenye kwadi ya kidole gumba, weka alama kwenye mkono wa akseleta na nyumba yake. Bila alama hizi utakuwa unakisia, maana mkono unaamini upo nusu wakati upo robo.

Hatua za kurekebisha

Pasha injini moto kamili, angalau dakika kumi za kuendesha. Vaa helmeti na glavu, tumia njia iliyofungwa, na kwenye kwadi funga kamba ya swichi ya kuzimia mkononi. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, uandike: halijoto, mwinuko, jeti, nafasi ya klipu, mizunguko ya skrubu.

1. Sailensa ya kuanzia. Funga skrubu ya hewa taratibu hadi iguse, usiikaze, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Ongeza skrubu ya slaidi, ile inayoiinua slaidi kidogo, hadi injini ishike. Hapa hutafuti ukamilifu, unataka tu mashine iweze kwenda.

2. Jeti kuu. Tunaanza juu kwa sababu ndiyo inayoua injini ikikosewa. Weka jeti kubwa kuliko ya kiwanda kwa namba mbili au tatu. Nenda gia ya tatu au ya nne, akseleta yote, kwenye njia ndefu yenye mzigo wa kweli. Gia ya kwanza haifai, kwani mizunguko inapanda haraka mno na huwezi kusikia kitu. Ikiwa nzito, injini ya mipigo miwili haifiki juu: inakoroma, inaruka mipigo, kama imezibwa mdomo. Shusha namba moja moja hadi ivute safi hadi juu. Ukifika hapo, jaribu hivi: ukiwa kwenye akseleta yote, rudisha kidogo sana. Injini ikiongeza nguvu badala ya kupungua, tayari ni nyepesi na unapaswa kupanda mara moja. Ukishapata jeti inayovuta safi, panda namba moja juu yake ubaki hapo. Nguvu utakayopoteza ni ndogo mno kuisikia, na siku ya baridi injini itapona.

Kuna wanaofunga koki wakiwa mwendo wa juu ili wasikie kama injini inaongeza kasi kabla ya kufa. Kwenye mipigo miwili usifanye. Petroli inapokatika, na oili ya pistoni inakatika nayo.

Kujua ukubwa wa hatua kunasaidia. Kwa Keihin, kutoka 170 hadi 175 si asilimia 3, ni karibu 6, kwa sababu kinachopitisha petroli ni eneo la tundu na si kipenyo. Kwa Mikuni, 300 hadi 310 ni kama asilimia 3.

3. Sindano. Kaa kwenye nusu ya akseleta, gia ya tatu, kisha fungua kutoka robo hadi robo tatu. Klipu huhesabiwa kutoka juu, upande butu wa sindano. Ukishusha klipu mfereji mmoja, sindano inapanda na mchanganyiko unakuwa mzito. Ukipandisha klipu, sindano inashuka na mchanganyiko unakuwa mwepesi. Ikikoroma na kutoa moshi hapo, pandisha klipu. Ikivuta kwa kusitasita, sauti kavu, au injini ikigonga kama kokoto kwenye kopo, shusha klipu mara moja. Ukijikuta umefika mfereji wa kwanza au wa mwisho na bado haijakaa, sindano yenyewe siyo, tafuta nyingine yenye mchongoko au unene tofauti. Klipu iliyolegea itupe: ikidondoka ndani ya slaidi, sindano huzama na mchanganyiko unakuwa mwepesi ghafla.

4. Slaidi. Mkato mkubwa, namba kubwa, mchanganyiko mwepesi. Jaribu kwa kufungua polepole kutoka moja ya nane hadi theluthi. Kwa kweli mashine nyingi za kiwandani hazihitaji slaidi nyingine. Badilisha tu kama kabureta haikuja na mashine hiyo. Unene wa sindano ni dawa nafuu kwa eneo hilohilo.

5. Sailensa ya kudumu. Rudi chini. Injini ikiwa moto na sailensa imetulia, geuza skrubu ya hewa kwa robo mzunguko, subiri sekunde kadhaa, sikiliza. Tafuta mahali ambapo mizunguko iko juu na imetulia. Punguza skrubu ya slaidi hadi mwendo wa kawaida, kisha rudia. Mwisho piga akseleta kwa ghafla kutoka chini. Ikiitika papo hapo, umemaliza. Ikisita kwa sauti tupu kisha ishike, ni nyepesi. Ikikohoa moshi na kupanda kivivu, ni nzito. Mizunguko ikibaki juu muda baada ya kuachia akseleta, ni nyepesi, au ile hewa ya wizi tuliyoitafuta mwanzo.

Skrubu ndiyo inayokuambia kama jeti ya sailensa inafaa. Ikikaa vizuri kati ya mzunguko 1 na 2.5, iache. Skrubu ya hewa ikidai chini ya 1, jeti ni ndogo. Ikidai zaidi ya 2.5, jeti ni kubwa. Lakini angalia ni skrubu gani. Iliyo upande wa chujio hupitisha hewa, kuifungua kunapunguza petroli. Iliyo upande wa injini, kama ya FCR, hupitisha petroli, na hesabu yote inageuka: kuifungua kunaongeza, na ikidai zaidi ya 2.5 jeti ndiyo ndogo.

6. Rudi hatua ya 2 na ya 3 kwa haraka. Mara nyingi klipu itahama mfereji mmoja.

Kusoma plagi

Rangi ya ncha ya kauri unayoiona bila kukata plagi inadanganya, kwa sababu inategemea oili, viungo vya petroli na dakika za mwisho za kuendesha polepole kurudi nyumbani. Ukitaka usomaji wa jeti kuu, weka plagi mpya yenye namba ya joto sahihi, piga akseleta yote kwenye gia ya juu kwa sekunde nane hadi kumi, kisha vuta klachi na uzime kwa swichi kwa wakati mmoja. Usiache injini isailense hata kidogo. Sukuma mashine.

Kata ganda la nyuzi kwa msumeno uone kauri inapoingia ndani kabisa. Chini kule kwenye shina kuwe na pete ya hudhurungi, upana wa milimita moja au mbili. Pasipo na pete, ni nyepesi. Pete ikipanda hadi katikati ya kauri, ni nzito. Vidoa vidogo vya fedha au vyeusi kama pilipili manga kwenye kauri ni alumini ya pistoni au alama za injini kugonga. Zima, usiwashe tena hadi ujue sababu, na anza na jeti kubwa zaidi na muda wa cheche.

Namba ya joto isichanganywe na mchanganyiko. Kwa NGK, namba kubwa ni plagi baridi zaidi, 9 ni baridi kuliko 8. Plagi baridi mno hulowa hata kama kabureta imekaa sawa.

Ukifungua kichwa, tazama juu ya pistoni. Sehemu safi mbele ya milango ya kuingizia, zilizooshwa na petroli, zinaonyesha mchanganyiko una uzito wa kutosha. Pistoni kavu yenye rangi moja hadi ukingoni ni onyo.

Kabureta mbili

Banshee ina silinda mbili na Mikuni mbili za 26 mm, na kila silinda ina hadithi yake. Jeti ziwe sawa pande zote mbili, kimo cha boya kiwe sawa, na bomba dogo linalounganisha mipira ya kabureta lisiwe na ufa. Slaidi lazima zinyanyuke pamoja. Ingiza vipekecho viwili vya unene mmoja, shina laini likiwa chini ya slaidi, kila kabureta na chake, kisha fungua akseleta polepole: vyote vidondoke kwa wakati mmoja. Kimoja kikitangulia, rekebisha kebo yake. Halafu angalia upande wa juu, kwamba slaidi zote mbili zinafungua tundu lote.

Soma plagi mbili kando kando. Upande mmoja ukiwa mweupe (mwepesi) na mwingine mweusi (mzito) wakati jeti ni sawa, acha jeti, tafuta sili au mpira unaovuja upande mweupe. Wengi huondoa mfumo wa kiwanda wa kuzuia mizunguko unaokaa juu ya kabureta. Ukiondolewa, skrubu za kurekebisha sailensa zinahitaji kuwepo kwenye kila kabureta, vinginevyo hutapata sailensa inayolingana.

Keihin FCR za mipigo minne

Kanuni ni zilezile, ila kuna pampu ya akseleta inayopiga mkondo wa petroli ukifungua ghafla. Malalamiko ya kawaida ni injini kuzima ukipiga akseleta yote kwa mkupuo. Ondoa kabureta kutoka kwenye boksi la chujio, fungua akseleta ukitazama ndani: mkondo utoke mara tu slaidi inapoanza kunyanyuka, upite chini yake bila kuigonga, na uwe na nguvu. Ukigonga slaidi, umetangulia mno. Ukichelewa au ukiwa dhaifu, kagua ngozi ya pampu iliyo chini ya bakuli, kwani hukauka na kupasuka, na ulegevu kwenye mkono wa pampu. Mkondo mrefu kupita kiasi nao huifanya injini isite, kisha ishike ikitoa moshi mweusi.

Skrubu ya petroli ina springi, shimu na oringi ndogo sana, kwa mpangilio huo kuelekea ndani. Oringi hubaki tunduni ukitoa skrubu. Ikipotea, hewa inaingia na hakuna mpangilio utakaotulia. Ile plate ndogo inayokaa nyuma ya slaidi ikiwekwa juu chini, injini huwaka kwa shida na sailensa hukimbia. Milipuko ya ekzosi unapoachia akseleta mara nyingi ni sailensa nyepesi au kiungo cha ekzosi kinachovuta hewa. Kagua kiungo kwanza.

Petroli, oili na hewa

Petroli yenye ethanoli asilimia 10 inahitaji petroli zaidi kwa takriban asilimia 4, ambayo kwa Keihin ya 170 ni kuelekea 172 au 175. Pia hulainisha mipira ya zamani na kuvuta unyevu, kwa hiyo usiiache kwenye bakuli mashine ikilala.

Oili inahesabiwa hivi kwa lita moja ya petroli: 32 kwa 1 ni mililita 31, 40 kwa 1 ni mililita 25, 50 kwa 1 ni mililita 20. Kuongeza oili kunapunguza petroli inayopita kwenye jeti, ni kweli, lakini kutoka 50 kwa 1 hadi 32 kwa 1 tofauti ni karibu asilimia 1 tu. Chagua kipimo kimoja ukae nacho, kisha urekebishe jeti juu yake.

Hewa ndiyo inayobadilika zaidi. Ikiwa nyepesi kwa mwinuko au joto, kabureta inatoa petroli nyingi mno, lakini si kwa uwiano mmoja kwa mmoja: hewa ikipungua uzito kwa asilimia 10, mchanganyiko unakuwa mzito kwa takriban asilimia 5. Kwa hiyo jeti ya Keihin hupungua kipenyo kwa asilimia 2.5, na namba ya Mikuni kwa asilimia 5. Kwa vitendo, Keihin iliyokaa sawa na 170 kwenye usawa wa bahari itahitaji karibu 166 kwenye mita 1,000 na karibu 162 kwenye mita 2,000. Joto likipanda kutoka nyuzi 15 hadi 35, ile 170 inataka karibu 167. Chukua namba iliyo karibu, na ukiwa katikati chukua ya juu. Baada ya jeti kuu, klipu hupanda mfereji mmoja kwa mabadiliko makubwa, na skrubu ya hewa hufunguliwa robo au nusu mzunguko.

Ukishuka kutoka mlimani, badilisha jeti kabla ya kuwasha injini, wala si baada ya mzunguko wa kwanza wa mazoezi. Ukipanda bila kubadilisha, utachafua plagi tu. Ukishuka na jeti za mlimani, akseleta yote ya kwanza inaweza kutosha kuishikanisha pistoni na silinda.